Jamila Hakuulizwa

Rumonge, 12 Februari 2024

Mjomba wangu Bakari,

Amahoro kutoka Rumonge, kwako na kwa Mama Mwasiti huko Ujiji. Mimi ni mzima. Mvua imezidi mwaka huu, ziwa limepanda mpaka maji yanagusa vibanda vya wauza samaki, lakini michikichi imezaa vizuri na mafuta hayajapanda bei. Kaburi la marehemu mama nililipalilia wiki iliyopita. Watu wa msikitini bado wanakuulizia. Wanasema tangu uondoke hakuna seremala wa kuaminika.

Barua hii nimempa Lukeba, yule Mkongomani wa boti ya mafuta, kwa sababu nimekupigia simu mara tatu, na kila nikilitaja jina la Mama Mdogo Jamila unaniambia mtandao ni mbaya.

Mjomba, dada yako hayuko tena nyumbani kwa mwanao Nuhu. Tangu Jumanne yuko hapa kituoni ninapofanya kazi. Nilishakueleza habari za kituo hiki. Serikali ndiyo inayotulipia: chakula, dawa, mishahara ya watu watatu, na mafuta ya pikipiki ninayozungukia nyumba kwa nyumba kuwaangalia wazee na walemavu wanaotunzwa na jamaa zao. Tuna vitanda kumi na kimoja kwa wale ambao jamaa zao ndio wanaowaumiza.

Jumanne asubuhi alikuja mama mmoja anaitwa Émérance, anaanika samaki wa ndagala ufukweni pamoja na Mama Mdogo. Alikuwa amemshika mkono. Aliniambia, "Latifa, huyu mama iko na vidonda mu mugongo. Kwanza nilinyamaza, nikasema ni mambo ya kwao. Sasa siwezi tena."

Nilimwogesha mwenyewe. Sitaandika nilichokiona, maana sijui barua hii itapita mikono mingapi. Naandika tu kwamba si mtu aliyeanguka.

Ninalokuomba ni hili. Mwaka 2021, tulipomzika mama, wewe kama mkubwa wa familia uliweka sahihi karatasi ya kumfanya Nuhu kuwa mlezi wa Mama Mdogo. Ofisi ya serikali ya komini inasema karatasi hiyo bado ina nguvu. Nuhu akija nayo, sisi hatuna haki ya kumzuia. Ni wewe peke yako unayeweza kuandika nyingine. Tafadhali, Mjomba.

Mama Mdogo ameniona naandika, akaniuliza kwa mikono ni kwa nani. Nimeweka kidole nyuma ya sikio, pale unapochomeka penseli yako. Ndiyo ishara yako kwake tangu mama alipokuwa hai. Amegeuza uso akaangalia dirishani.

Mpwa wako,
Latifa


Rumonge, 3 Aprili 2024

Mjomba,

Ramadhani njema. Natumaini funga yako inaenda salama na kidonda cha mguu hakikusumbui sana. Huku tunafuturu kwa uji na ndizi, samaki wamekuwa wachache. Maji yameingia kwenye nyumba za chini karibu na bandari, na baadhi ya majirani zetu wa zamani wamehamia kwa ndugu zao huko juu.

Ni wiki ya saba sasa sijapata jibu lako. Lukeba anasema barua aliifikisha mpaka nyumbani. Labda unafikiri. Nami sitaki kukuharakisha, ila kuna jambo jipya.

Mkuu wetu wa kituo, bwana Protasi, alirudi kutoka Bujumbura juzi. Hakusalimia mtu. Aliketi kwenye benchi ya uani na begi lake mapajani, kisha akatuita. Mstari wetu umeondolewa katika bajeti inayoanza Julai. Alipouliza sababu, alijibiwa kwamba watu wazima wana familia zao, na familia ndizo zinazopaswa kuwatunza.

Mzee mmoja wetu, Hubert, mtu wa Magara, alikuwa karibu akasikia. Wapwa zake walikuwa wakimnyima chakula ili afe wagawane shamba. Akamwuliza Protasi, "Sasa sisi tutaenda wapi?" Protasi alisema bado kuna miezi mitatu.

Kwa hiyo Mjomba, lile nililokuomba katika barua ya kwanza sasa lina mwisho wake. Ni tarehe 30 Juni.

Mama Mdogo ameanza kula vizuri. Anafua nguo za wenzake bila kuombwa.

Latifa


Ujiji, 28 Aprili 2024

Kwa mpwa wangu Latifa,

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Idi tuliisali kwa amani. Mke wangu Mwasiti anakusalimu. Mguu unaendelea hivyo hivyo, daktari hataki nisafiri. Dagaa zimekuwa ghali, na mwezi ujao ziwa litafungwa, hakuna kuvua mpaka Agosti.

Barua yako ya Aprili Lukeba alinikabidhi mwenyewe gatini nilipokwenda kupokea mbao. Unataja barua ya kwanza. Mimi barua ya kwanza sikuiona. Lakini nimeelewa kwamba umemtoa Jamila nyumbani ukampeleka kwenye jengo la serikali, akalale na watu asiowajua, hali ana nyumba ya baba yake.

Nimezungumza na Nuhu kwa simu. Amesema Jamila aliteleza kwenye maji ya mafuriko akaumia, na kwamba wewe siku zote umekuwa na neno naye. Nuhu ni mwanangu wa pekee. Aliachiwa mzigo akiwa kijana, akaubeba bila kulalamika, wakati wengine tulikuwa mbali.

Mambo ya familia hayapelekwi ofisini. Mrudishe Jamila nyumbani kabla maneno hayajaenea mtaani. Akisharudi tutakaa tuzungumze, kama kuna la kuzungumza.

Mjomba wako,
Bakari


Rumonge, 16 Mei 2024

Mjomba Bakari,

Nimepokea barua yako, na nashukuru kwa salamu. Hapa wote wazima, isipokuwa mtoto wa jirani aliyepata malaria akapona.

Unasema barua ya kwanza hukuiona. Basi nitaandika tena, na safari hii sitaficha, asome anayetaka kusoma.

Mama Mdogo alikuja kwetu tarehe 6 Februari. Mafuriko ya kumfanya ateleze yalikuja baadaye, kuelekea Aprili. Mgongoni ana alama za waya, za zamani na mpya, nyingine zimekaa juu ya nyingine. Anaanika ndagala tangu alfajiri mpaka alasiri, na malipo yake Nuhu huyachukua kwa tajiri kila Jumamosi. Akirudi kazini hufungiwa chumba cha uani mpaka alfajiri inayofuata. Kile chumba kina komeo kwa nje, Mjomba. Nimekwenda kuliona; utotoni nililidhani la stoo. Ni komeo la zamani, la chuma kizito, na limelegea kwa kutumika.

Nilimwuliza Mama Mdogo kwa mikono, kama mama alivyonifundisha, yote hayo yalianza lini. Ishara zake hazina miaka. Alinionyesha urefu wa mtoto anayefika kiunoni, halafu akaonyesha nywele nyeupe kichwani pake. Sikuelewa alimaanisha nini kwa yule mtoto. Nuhu amekuwa mlezi wake kwa miaka mitatu tu.

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelielewa vizuri. Siku moja Nuhu alimkuta akiongea na Émérance ufukweni. Unajua hao wawili wametunga lugha yao wenyewe ya mikono, wanacheka wakianika samaki. Nuhu alidhani anasemwa. Nyumbani alimfunga mikono kwa kamba, akamwacha hivyo siku mbili.

Sikuandikii ili kumchafua mwanao. Nuhu ni ndugu yangu, tulikula sahani moja. Nakuandikia kwa sababu Mama Mdogo hawezi kukupigia simu, na mimi nimebakiwa na wiki sita.

Tuma karatasi hata kama hutatuma neno lingine.

Latifa


Rumonge, 7 Julai 2024

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Mama Mwasiti.

Kituo kimefungwa. Tarehe 28 Juni Protasi alitusomea majina kumi na moja, na mbele ya kila jina jamaa wa kumpokea. Wengine walifuatwa, wengine tuliwasindikiza kwa miguu maana pikipiki haikuwa na mafuta. Mzee Hubert nilimpeleka mimi mpaka Magara. Wapwa zake walimpokea vizuri mbele yangu, wakamtolea kiti.

Nuhu alikuja Jumamosi, tarehe 29, na karatasi yako mkononi, ile ya 2021. Alikuwa mpole. Alisema, "Latifa, nipe shangazi yangu, twende nyumbani." Nilimwambia Protasi tumfiche. Protasi alijibu kwamba akifanya hivyo atashtakiwa, na hakuna tena serikali nyuma yake.

Mama Mdogo alikuwa uani anaanua nguo. Hakumsikia akiingia, ila alimwona. Nilipogeuka nilimwona anaweka nguo za wenzake kwenye beseni, taratibu, akazikunja moja moja. Alipomaliza, akachukua fuko lake. Hakuniangalia hata mara moja.

Jana mzee Hubert ameonekana amekaa mbele ya lango letu. Ametoka Magara kwa miguu. Lango limefungwa kwa kufuli, na yeye amekaa tu.

Latifa


Ujiji, 30 Julai 2024

Mwanangu Latifa,

Sina salamu nzuri za kukupa, nisamehe. Hii barua nimeianza mara nne.

Barua yako ya mwisho niliipokea mwenyewe. Siku ile ile Mwasiti aliniona nimekaa karakanani bila kushika randa tangu asubuhi, akaingia chumbani akatoka na nyingine mbili. Ya Februari na ya Mei. Alikuwa amezificha chini ya godoro. Hakujitetea. Alisema, "Nuhu nilimzaa mimi, Bakari. Nilitaka Mungu alimalize bila wewe kujua." Sikumgombeza. Sikuwa na uso wa kumgombeza mtu.

Unaandika kwamba hukuelewa kuhusu mtoto anayefika kiunoni. Mtoto huyo ni Nuhu. Alikuwa na miaka mitano.

Komeo lile nililitia mimi. Mwaka 1995, wakati wa vita, risasi zilikuwa zikilia mpaka mchana. Jamila alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Alikuwa hasikii, kwa hiyo alikuwa haogopi. Siku moja sisi wote tulikuwa chini ya vitanda, nikachungulia nikamwona anateremka ziwani na masufuria yake, watu wenye bunduki wamesimama njiani. Walimwacha apite, sijui kwa nini. Usiku ule ule nilikata chuma nikatengeneza komeo, nikalitia nje ya mlango wake. Nilifanya kwa kumpenda, na hilo sitalikana.

Risasi zilinyamaza, Latifa. Komeo sikulitoa. Nilisema nitalitoa kesho. Kumbe ilikuwa rahisi zaidi namna ile. Tukienda kilioni tunamfungia. Wakija wageni tunamfungia. Siku ya akika yako, nyumba imejaa watu na pilau, alikuwa humo ndani wasimwone. Mama yako alikuwa akimfungulia kwa siri, nami nikimgombeza mama yako. Nuhu alikua akiyaona haya kila siku. Waya sikumfundisha. Lakini mlango nilimfundisha.

Uliponipigia simu zile mara tatu, mtandao ulikuwa mzuri.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili, zote zimegongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hapa. Ya kwanza inamwondoa Nuhu na kukuweka wewe. Ya pili ni maelezo yangu kuhusu komeo, kwa hakimu, nimeyaandika kama nilivyokuandikia wewe. Kidonda cha mguu kikifunga nitakuja. Nimempa Lukeba mkononi, na ameapa hatampa mtu mwingine.

Mjomba wako,
Bakari


Rumonge, 2 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Amahoro. Pole na mguu, na mpe pole Mama Mwasiti, usimwache peke yake na mawazo yake. Mimi ni mzima ingawa nimekonda, maana sina mshahara tangu Juni na nauza sabuni sokoni.

Karatasi zilinifikia tarehe 5 Agosti. Siku hiyo hiyo nilikwenda na shefu wa zoni, mkuu wa eneo letu, na Émérance akaacha ndagala zake juani akatufuata. Émérance alikuwa ameniambia kwamba Mama Mdogo hajaonekana ufukweni tangu mwanzo wa Julai.

Tulimkuta chumbani. Ni mzima, anza na hilo. Lakini mkono wake wa kulia umevunjwa, vidole vitatu na kifundo. Hakupelekwa hospitali. Mifupa imejiunga vibaya, na daktari anasema mkono hautafunguka tena. Nuhu alifanya hivyo siku ya tatu baada ya kumrudisha, kwa sababu alitaka kujua kituoni alisema nini kuhusu yeye.

Kesi ilisikilizwa tarehe 27. Hakimu ni mama mmoja wa makamo, hana maneno mengi. Alisoma maelezo yako mpaka mwisho, akavua miwani, akamwuliza Nuhu nani alimfundisha kumfungia mtu mzima.

Nuhu alisema, "Nilimukuta hivyo, mheshimiwa. Tangu mutoto naona ile komeo. Nilifikiri ndivyo anavyokaa."

"Na mkono?"

Alianza kulia, akalia kwa muda mrefu, na hakuna mtu aliyemgusa.

Kisha hakimu akaniambia, "Mwulize Jamila anataka kukaa wapi." Mjomba, nilisimama pale nikawa sijui nianzeje. Tangu nizaliwe sijamwona mtu akimwuliza Mama Mdogo anataka nini. Mama alimpenda, mimi nampenda, lakini sisi tulikuwa tunamwambia: njoo, kaa, kula, lala. Nilitafuta ishara ya kuuliza kitu kama hicho sikuipata. Nikamwonyesha nyumba yenu, nikamwonyesha kwangu, nikamwonyesha hata kituo kilichofungwa, halafu nikafungua mikono.

Akajibu kwa mkono wa kushoto, polepole, maana bado anajifunza kuutumia. Alisema atakaa kwangu, lakini karibu na ufukwe, na asubuhi aende kazini, na malipo yake ayashike yeye. Nilitafsiri. Karani akaandika.

Sasa tumepanga chumba karibu na Émérance. Nuhu alishikwa wiki moja, kisha akaachiwa aripoti kila mwezi. Wanasema amehamia Nyanza-Lac. Sijamwona.

Nilipokuwa natoka mahakamani nilikuwa na jambo moja sijalisema. Wewe umeniandikia lako, nami nitakuandikia langu. Kazi yangu ilikuwa kugonga milango. Serikali ilinilipa niingie ndani, nimwone mtu, nimwulize amekula nini, nitazame mikono na mgongo. Nyumba ya Nuhu ilikuwa kwenye orodha yangu kwa miezi kumi na minne. Kila mwezi nilipita nje, nikamsalimia Nuhu barazani, nikatia alama ya "salama" kwenye fomu. Sikuingia hata mara moja. Nilijiambia ni nyumbani kwetu, itakuwa aibu. Mara mbili nilisikia kitu kama mtu anagonga ukuta. Nikawasha pikipiki.

Émérance ndiye aliyefanya kazi yangu, na yeye halipwi na mtu.

Latifa


Ujiji, 24 Novemba 2024

Mwanangu Latifa,

Nimefika salama, na mguu umestahimili safari. Mwasiti amepokea kanga uliyomtumia, amekaa nayo tu mapajani. Nuhu hajapiga simu. Ni mwanangu bado, na siku atakayopiga nitapokea.

Nakushukuru kwa wiki mbili nilizokaa kwenu. Namshukuru pia Protasi kwa kuniruhusu kusimama katika mkutano ule wa komini, walipokuja wale wakubwa kutoka Bujumbura. Sikujua kama nitaweza. Waliposema tena lile neno lao, kwamba kila mtu mzima ana familia yake, niliona mzee Hubert amekaa mstari wa nyuma na fimbo yake, nikasimama. Niliwaambia mimi ndiye hiyo familia. Niliwaeleza chuma nilichokikata na mlango nilioufunga, na kwamba kama angekuja mtu wa serikali kugonga nyumbani kwangu mwaka wowote katika miaka ile ishirini kabla sijahamia Ujiji, akanilazimisha kufungua, ningekasirika sana, na dada yangu leo angekuwa na mikono miwili. Wewe ulikuwa unamtafsiria Jamila. Sikuthubutu kumtazama.

Lakini kuna jambo hukuliona. Jioni ile ulikwenda kisimani. Nilibaki na Jamila barazani. Nilitaka kumwomba msamaha peke yangu, bila mtu. Ndipo nilipotambua kwamba ishara ninazozijua ni tatu: njoo, kula, ingia ndani. Dada yangu ana miaka arobaini na sita, na hayo ndiyo maneno yangu yote kwake.

Nikaweka mkono kifuani, nikainama, nikafanya nilivyoweza, kama mtu anayecheza mbele ya watoto. Alinitazama kidogo. Kisha akafumba macho. Hakukasirika, uso wake ulikuwa umetulia. Alifumba tu, akakaa hivyo mpaka nilipoacha.

Latifa, nakuomba kitu kimoja kabla sijafa. Mwulize kwa niaba yangu kama amenisamehe. Jibu lolote nitalipokea. Niandikie neno kwa neno.

Mjomba wako,
Bakari


Rumonge, 19 Januari 2025

Mjomba wangu Bakari,

Heri ya mwaka mpya, na Mungu akupe afya. Ziwa limerudi nyuma kidogo, watu wameanza kujenga vibanda vyao upya. Émérance amepata mjukuu wa kike.

Kituo kimefunguliwa tarehe 6. Fedha zimerudi nusu nusu: vitanda vinne, mishahara ya watu wawili. Protasi alinipa orodha yetu ya zamani ya watu kumi na mmoja, akaniambia nichague wanne. Nilikaa na karatasi hiyo usiku na mchana. Mzee Hubert nilimwandika wa kwanza, nikaenda Magara kumfuata. Nilikuta wamemzika siku tisa kabla. Wapwa zake walinitolea kiti, kile kile. Sikukaa.

Waliobaki niliwachagua kwa kuwaona kwa macho, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Kila nyumba niliingia mpaka chumba cha mwisho. Wanne wamelala kituoni. Mama Mdogo yuko kwangu, na watano wako walikokuwa, na Protasi ameandika tena Bujumbura. Nitaendelea kwenda kwao kila wiki, mafuta yawepo yasiwepo. Jumapili Mama Mdogo huja nami. Mimi nikizungumza na wenye nyumba, yeye hupita moja kwa moja mpaka ndani, na watu wanaona haya kumzuia.

Sasa swali lako. Barua yako ilinifikia kabla ya Krismasi, na nimechelewa kujibu kwa sababu yake.

Nilimwuliza jioni, tumemaliza kula. Nilieleza vizuri, kwa mikono yote miwili, kwamba kaka yake anataka kujua kama amemsamehe, na kwamba mimi nitaandika jibu lake. Alitazama mpaka mwisho. Halafu akanishika mikono yangu, akaishusha mezani, akaniwekea mkono wake wa kushoto juu, nisiendelee.

Alipoiachia alisema maneno machache, nami nakuandikia neno kwa neno kama ulivyoomba:

"Asiniulize kupitia kwako. Nina jibu. Aje ajifunze, kisha aniulize mwenyewe."

Nikamwuliza, itachukua muda gani mzee kama yule kujifunza? Alifikiri, akanionyesha mvua, kiangazi, mvua. Kisha akainuka kwenda kulala, maana alfajiri ana kazi.

Mpwa wako,
Latifa